Samuel Freeman Miller na Kesi ya Hatifungani za Mji wa Dubuque: Wasifu wa Jaji Mpinzani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanasimulia maisha ya Samuel Freeman Miller (1816–1890), tabibu wa mashambani aliyejifunza sheria kwa juhudi zake mwenyewe na hatimaye kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kwa muda wa miaka 28. Jina lake linajulikana sana miongoni mwa wanasheria kutokana na hukumu alizoziandika kwa niaba ya mahakama nzima. Sisi, hata hivyo, tutamtazama kupitia kesi ambayo ndani yake alishindwa. Kesi hiyo ni ile ya Gelpcke dhidi ya Mji wa Dubuque, iliyoamuliwa Januari 1864, ambapo wenye hatifungani waliudai mji riba ambayo mji ulikataa kuilipa. Miller alitofautiana na wenzake, akaandika maoni yake peke yake, na kwa miaka mingi iliyofuata akalazimika kuitekeleza sheria ambayo hakuiamini.

Hoja yetu ni kwamba mgogoro ule, ambao kwa juu juu ulihusu fedha, kwa undani ulihusu swali la nani mwenye mamlaka ya kusema sheria ya mahali fulani inasema nini. Tutaonyesha pia kwamba jibu alilolitoa Miller halikutokana na vitabu vya sheria pekee, kwani lilikuwa na mizizi katika maisha aliyoyaishi kando ya mto Mississippi. Na mwishoni tutaona kwamba jibu hilo hilo, lilipohamishiwa katika suala jingine, lilileta madhara ambayo mwandishi wa wasifu hana ruhusa ya kuyaficha.

Kabla ya kuendelea, yafaa kufafanua istilahi tatu. Hatifungani ni hati ya mkopo ambayo mkopaji huitoa akiahidi kurudisha mtaji baada ya muda maalumu na kulipa riba kila kipindi. Katika karne ya 19 hati hizo zilikuwa na vikuponi vilivyokatwa na kupelekwa kwa mdaiwa kila riba ilipoiva, na ziliuzwa mkono kwa mkono mpaka zikafika mbali sana na mahali zilipoandikwa. Hukumu pinzani ni maoni ya jaji asiyekubaliana na walio wengi katika jopo. Haimfungi mtu yeyote, lakini huhifadhiwa pamoja na hukumu yenyewe. Amri ya shuruti ni agizo la mahakama linalomlazimisha mtumishi wa umma kutimiza wajibu ambao sheria imempa.

2.0 Kutoka Utabibu hadi Sheria

Miller alizaliwa tarehe 5 Aprili 1816 katika mji wa Richmond, jimbo la Kentucky, katika familia ya wakulima. Alisomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Transylvania mjini Lexington na kupata shahada yake mwaka 1838. Baada ya hapo alihamia Barbourville, mji mdogo ulioko katika eneo la milima la kusini-mashariki ya jimbo hilo, na huko akawatibu watu kwa takribani miaka kumi.

Utabibu wa wakati ule ulikuwa na uwezo mdogo mbele ya maradhi mengi, na daktari wa mashambani alitumia muda mwingi juu ya farasi kuliko kando ya mgonjwa. Polepole Miller alianza kuvutwa na mambo ya umma. Alishiriki katika mijadala ya chama cha wasomi wa mji ule, akasoma vitabu vya sheria bila mwalimu, na mwaka 1847 akakubaliwa kuwa wakili. Alikuwa na umri wa miaka 31. Hakuwahi kukaa katika darasa la sheria hata siku moja, na jambo hili lilibaki kama alama katika maandishi yake: aliandika kwa ufupi, akaenda moja kwa moja kwenye kiini cha tatizo, na hakupenda kujaza kurasa kwa orodha ndefu za kesi za kale.

Siasa za Kentucky katika miaka hiyo zilitawaliwa na suala la utumwa. Miller alikuwa mfuasi wa chama cha Whig na alipendelea watumwa waachwe huru hatua kwa hatua. Mwaka 1849 jimbo lilifanya mkutano wa kuandika katiba mpya, na wapinzani wa utumwa walitumaini kwamba hapo ndipo mlango ungefunguliwa. Matokeo yake yalikuwa kinyume, kwani katiba iliyotokana na mkutano huo iliuimarisha utumwa. Miller aliona kwamba hapakuwa na nafasi kwake tena. Aliwaacha huru watumwa wachache wa nyumbani mwake, na mwaka 1850 akahama na familia yake kwenda Keokuk, katika jimbo la Iowa ambalo lilikuwa limeingia katika Muungano miaka minne tu kabla, bila utumwa.

3.0 Keokuk: Mji wa Matumaini na Madeni

Keokuk iko katika pembe ya kusini-mashariki ya Iowa, chini ya maporomoko ya mto Mississippi yaliyojulikana kama maporomoko ya Des Moines. Kwa kuwa meli nyingi za mvuke hazikuweza kuyapita maporomoko hayo zikiwa na shehena, mizigo ilipakuliwa pale. Wakazi waliamini kwamba maumbile yenyewe yalikuwa yameuchagua mji wao uwe jiji kubwa. Bei ya viwanja ilipanda mwaka hadi mwaka, na mawakili walipata kazi tele katika migogoro ya hati za ardhi na mikataba ya biashara. Miller alifanya kazi kwa ubia na wakili Lewis Reeves, na sifa yake ikaenea haraka. Reeves alifariki mapema, na baadaye Miller, ambaye naye alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza, Lucy Ballinger, akamwoa Eliza, mjane wa Reeves.

Ili tuielewe kesi ya Dubuque ni lazima tuielewe homa ya reli iliyoikumba Iowa katika muongo huo. Reli zilikuwa zinakuja kutoka mashariki, na kila mji wa kando ya mto uliogopa kuachwa. Makampuni ya reli hayakuwa na mtaji wa kutosha, na wawekezaji wa New York na wa Ulaya hawakuwa tayari kununua hisa za kampuni ambazo hazijatandaza hata pau moja. Ndipo ikabuniwa njia ifuatayo. Mji au kaunti ilitoa hatifungani zake na kuipa kampuni ya reli, nayo ikapokea hisa za kampuni hiyo. Kampuni ikaziuza hatifungani mashariki ili ipate fedha taslimu. Mnunuzi hakuwa anaiamini kampuni. Alikuwa anauamini uwezo wa mji wa kutoza kodi. Kwa hiyo hatari yote ilihamishwa kutoka kwa mwenye mtaji ikawekwa juu ya mlipa kodi, yaani mkulima mwenye ekari zake na fundi mwenye kibanda chake.

Mwaka 1857 msukosuko wa fedha uliikumba nchi nzima ya Marekani. Benki zilifungwa, ujenzi wa reli nyingi ulisimama, na bei za viwanja zikaanguka. Keokuk, ambayo ilikuwa imekopa kwa matarajio ya ukubwa, ilibaki na madeni bila ukubwa. Miller mwenyewe alikuwa ameweka sehemu ya mali yake katika ardhi ya mji ule, na hasara hiyo aliionja kama wenzake. Hapa ndipo tunaposisitiza kwamba mtu aliyekuja kuandika hukumu pinzani mwaka 1864 hakuwa mtazamaji wa mbali. Alizijua nyuso za wadaiwa. Msomaji anaweza kuliona jambo hili kuwa chanzo cha hekima yake au chanzo cha upendeleo wake. Sisi tunaona kwamba lilikuwa vyote viwili.

4.0 Kuingia Mahakama ya Juu

Chama cha Whig kilipovunjika, Miller alijiunga na chama kipya cha Republican na kuwa miongoni mwa viongozi wake katika Iowa. Alimuunga mkono Abraham Lincoln katika uchaguzi wa mwaka 1860. Mwaka 1861 alitafuta kuteuliwa na chama chake kugombea ugavana, lakini hakufanikiwa.

Mwaka 1862, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Bunge la Marekani lilipanga upya mizunguko ya mahakama za shirikisho. Katika utaratibu wa wakati ule, kila jaji wa Mahakama ya Juu alipewa mzunguko, yaani kundi la majimbo aliyotakiwa kuyazuru na kusikiliza kesi humo pamoja na majaji wa chini. Ng'ambo ya magharibi ya mto Mississippi uliundwa mzunguko uliojumuisha Iowa, Missouri, Kansas na Minnesota, na mawakili wa eneo hilo wakafanya kampeni ya nguvu ili Miller ateuliwe. Lincoln alipeleka jina lake katika Seneti tarehe 16 Julai 1862, na Seneti ikamthibitisha siku hiyo hiyo. Akawa jaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu kutoka magharibi ya mto huo.

Lincoln alitaka majaji watakaoilinda serikali katika vita, na katika hilo Miller hakumwangusha. Mwaka 1863 alikuwa miongoni mwa majaji watano waliokubali, dhidi ya wanne, kwamba rais alikuwa na uwezo wa kuzizingira bandari za majimbo yaliyoasi. Lakini katika mambo ya fedha alijikuta haraka kwamba hayuko pamoja na wenzake, hata wale walioteuliwa na rais yule yule.

5.0 Kesi ya Dubuque

5.1 Chanzo cha Mgogoro

Dubuque iko kaskazini-mashariki ya Iowa, nayo pia ni mji wa kando ya Mississippi, uliopewa jina la Julien Dubuque, mchimbaji wa risasi mwenye asili ya Kifaransa kutoka Kanada. Desemba 1856 wakazi wake walipiga kura ya kuzisaidia kampuni mbili za reli. Januari 1857 Bunge la Jimbo likapitisha sheria iliyoupa mji uwezo wa kutoa hatifungani za dola 250,000 kwa kila kampuni. Hatifungani zikatolewa, zikauzwa, na vikuponi vyake vikaanza kuiva. Msukosuko wa fedha ulipofika, mji ukaacha kulipa.

Swali la kisheria lilikuwa la zamani kuliko deni lenyewe. Katiba ya Iowa ya mwaka 1846 iliweka mpaka wa dola 100,000 kwa madeni ya jimbo. Je, mpaka huo uligusa pia miji na kaunti? Na je, jimbo ambalo halikuruhusiwa kununua hisa za makampuni liliweza kuiruhusu miji kufanya hivyo? Kuanzia mwaka 1853 Mahakama ya Juu ya Iowa ilikuwa imejibu mara kadhaa kwamba hatifungani za namna hiyo ni halali, ingawa hapakukosekana jaji wa jimbo aliyepinga. Katiba mpya ya mwaka 1857 iliweka kikomo cha asilimia 5 ya thamani ya mali inayotozwa kodi kwa madeni ya miji na kaunti, lakini hatifungani nyingi zilikuwa zimekwisha kutoka. Mwaka 1862, katika kesi iliyohusu kaunti ya Wapello, mahakama hiyo hiyo ya Iowa ikageuka. Ilitamka kwamba hukumu zake za nyuma zilikuwa na kosa, na kwamba miji na kaunti hazikuwahi kuwa na uwezo huo kamwe.

Mtu aliyenunua hatifungani mwaka 1857 aliinunua wakati mahakama ya jimbo ikisema ni halali. Mwaka 1862 aliambiwa kwamba mkononi mwake ana karatasi tupu. Herman Gelpcke na wenzake, waliokuwa wameshika vikuponi vya Dubuque, hawakwenda katika mahakama za Iowa. Walifungua shauri katika mahakama ya shirikisho iliyokuwa katika jimbo hilo, kwa kuwa sheria iliwaruhusu watu wa nje ya jimbo kufanya hivyo. Jaji wa shirikisho aliifuata hukumu ya Wapello na kuupa mji ushindi. Wakakata rufaa.

5.2 Hukumu ya Walio Wengi

Hukumu ya Mahakama ya Juu iliandikwa na jaji Noah Swayne wa Ohio, naye pia mteule wa Lincoln. Alikiri kwamba kwa kawaida mahakama za shirikisho hufuata tafsiri ambayo mahakama ya jimbo imeitoa kuhusu katiba na sheria za jimbo hilo. Lakini, kwa maoni yake, mkataba uliokuwa halali kwa mujibu wa sheria kama ilivyotafsiriwa siku ulipofungwa hauwezi kubatilishwa kwa tafsiri iliyokuja baadaye. Kuyumba kwa mahakama ya Iowa, alidai, hakupaswa kuwaumiza watu waliotoa fedha zao kwa nia njema. Lugha yake ilikuwa kali. Aliieleza mahakama ya jimbo kana kwamba ilikuwa imesimamisha madhabahu ya kuchinjia haki, na akakataa kushiriki katika kafara hiyo.

Ni lazima tuipe hoja hii uzito wake. Wakazi wa Dubuque walipiga kura wenyewe. Bunge lao liliidhinisha, na mahakama yao ilikuwa imethibitisha. Kama kila anayekopa angeweza kujiondoa katika deni kwa kusubiri majaji wapya wachaguliwe, hakuna ambaye angeikopesha tena miji ya magharibi. Wengi wa walioshika hatifungani hawakuwa matajiri wakubwa. Walikuwepo pia watu waliokuwa wameweka akiba yao ya maisha katika karatasi zile.

5.3 Hukumu Pinzani

Miller alijibu kwa hoja ambazo tunaweza kuzipanga katika makundi matatu. Kwanza, Mahakama ya Juu ya Iowa ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu katiba ya Iowa. Ikiwa mahakama hiyo imesema kwamba mji haukuwa na uwezo wa kukopa, basi hapakuwa na mkataba tangu mwanzo, na kisichokuwepo hakiwezi kuvunjwa. Pili, Katiba ya Marekani inayakataza majimbo kutunga sheria zinazodhoofisha mikataba. Hukumu ya mahakama si sheria iliyotungwa, na kusahihisha kosa si kutunga sheria mpya. Tatu, alitabiri matokeo. Katika mji mmoja kungekuwa na mahakama mbili zenye sheria mbili kuhusu karatasi ile ile. Mwenye hatifungani anayeishi New York angeshinda katika mahakama ya shirikisho, na jirani yake anayeishi Dubuque angeshindwa katika mahakama ya jimbo, huku hakuna mahakama yoyote kati ya hizo mbili iliyo tayari kuinamia nyingine. Aliongeza kwamba wanunuzi hawakuwa watoto: pingamizi dhidi ya hatifungani hizi zilijulikana tangu awali, na waliozinunua walikubali kucheza bahati yao.

Hakuna jaji mwingine aliyetia sahihi maoni hayo. Miller alikuwa na umri wa miaka 47, na hakuwa amemaliza hata mwaka wake wa pili katika kiti.

6.0 Gharama ya Utekelezaji

Utabiri wa tatu ulitimia upesi kuliko alivyodhani. Baada ya hukumu ya Dubuque, mamia ya kesi za hatifungani yaliifikia Mahakama ya Juu katika miaka 30 iliyofuata, kutoka Iowa, Missouri, Illinois, Wisconsin, Kansas na kwingineko. Wadai walishinda, lakini mji usio na fedha hauna cha kukamatwa, kwani mahakama haikuweza kuuza jengo la halmashauri au barabara. Njia iliyobaki ilikuwa amri ya shuruti, yaani kuwaagiza madiwani na wasimamizi wa kaunti watoze kodi maalumu ili deni lilipwe.

Mahakama za Iowa nazo zikawakataza maofisa hao hao kutoza kodi hiyo. Ofisa wa kaunti alijikuta kati ya moto wa mbele na moto wa nyuma: akitoza, anaivunja amri ya mahakama ya jimbo lake, asipotoza, anaivunja amri ya mahakama ya shirikisho. Suala hili liliamuliwa mwaka 1868 katika kesi iliyohusu kaunti ya Johnson, ambapo Mahakama ya Juu ilisema kwamba amri ya shirikisho haiwezi kuzuiwa na mahakama ya jimbo. Miller alipinga tena. Kanuni hiyo hiyo ikatumika dhidi ya halmashauri ya mji wa Keokuk, mji wake mwenyewe.

Hapa wasifu wa Miller unafikia mahali pagumu kuliko pote. Iowa ilikuwa ndani ya mzunguko wake. Aliporudi huko kusikiliza kesi, hakuwa tena mpinzani aliye huru kusema atakalo. Alikuwa mkono wa mahakama ile ambayo hukumu zake aliziona kuwa na makosa. Viongozi wa kaunti waliokataa kutoza kodi walifungwa kwa kosa la kuidharau mahakama, na yeye alishiriki katika kuitekeleza sheria hiyo dhidi ya watu aliowaheshimu. Hakujiuzulu, wala hakutafuta hila ya kuikwepa kanuni. Aliamini kwamba jaji wa mzunguko anayechagua hukumu za kuzifuata anabomoa nyumba anayoishi.

Uchungu wake aliumimina katika barua za faragha alizomwandikia shemeji yake, William Pitt Ballinger, wakili wa Galveston, Texas. Humo alilalamika kwamba wenzake walikuwa wameshikwa na ushupavu usiosikia hoja kuhusu hatifungani, na kwamba hakuna jambo lililomhuzunisha zaidi katika kazi yake kuliko kushiriki katika mchezo ambao mwisho wake ulijulikana daima: mwenye nacho kuongezewa, na asiye nacho kunyang'anywa hata kile kidogo alichokuwa nacho.

7.0 Kesi ya Topeka

Miller hakuweza kuigeuza kanuni ya Dubuque, lakini alisubiri nafasi ya kuiwekea mpaka, na nafasi hiyo ilikuja kutoka Kansas. Mji wa Topeka ulikuwa umetoa hatifungani za dola 100,000 kama zawadi kwa kampuni iliyoahidi kujenga hapo kiwanda cha madaraja ya chuma. Vikuponi vya kwanza vililipwa kwa kodi, kisha mji ukakataa kuendelea. Chama cha akiba na mikopo cha Cleveland, kilichokuwa kimezinunua hati hizo, kilifungua shauri.

Mwaka 1875 Miller aliandika hukumu kwa niaba ya walio wengi, na jaji Clifford peke yake akapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kodi ni nguvu kubwa kuliko zote alizonazo mtawala, na kwa sababu hiyo haina budi kuwa na lengo la umma. Kuchukua mali ya raia mmoja kwa kisingizio cha kodi na kumpa raia mwingine ili akuze biashara yake binafsi ni unyang'anyi, hata kama umevaa vazi la sheria. Reli zilikuwa zimekubaliwa kuwa njia za umma kama barabara, kwa hiyo hakuzigusa. Kiwanda cha mtu binafsi kilikuwa jambo jingine, na hatifungani za Topeka zikawa batili.

Tukiziweka kesi hizi mbili bega kwa bega, tunaona kwamba Miller hakuwa na chuki na wadai kwa kuwa ni wadai. Alichokishikilia ni kwamba mamlaka ya kumtwisha mlipa kodi mzigo yana kikomo, na kwamba anayekopesha mji anapaswa kuuliza kikomo hicho kiko wapi kabla ya kutoa fedha.

8.0 Upande Mwingine wa Msimamo Wake

Wasifu unaoishia katika kesi za hatifungani ungetupa picha ya mtetezi wa wanyonge, na picha hiyo isingekuwa kamili. Mwaka 1873 Miller aliandika hukumu katika kesi za machinjio ya New Orleans. Jimbo la Louisiana lilikuwa limeipa kampuni moja haki ya pekee ya kumiliki machinjio ya mji huo kwa miaka 25, na wachinjaji walidai kwamba Nyongeza ya 14 ya Katiba iliwalinda. Kwa kura tano dhidi ya nne, Miller alilikubalia jimbo. Kama aliyekuwa tabibu, hakuona ajabu jimbo kuyaondoa machinjio katikati ya makazi ya watu.

Lakini katika kufika hapo aliitafsiri Nyongeza ya 14 kwa ufinyu mno. Alieleza kwamba haki nyingi za msingi za raia ziko chini ya ulinzi wa jimbo lake, na kwamba nyongeza ile haikuzihamishia kwa serikali ya shirikisho. Kwa wachinjaji wa New Orleans hasara ilikuwa ya kibiashara. Kwa watu weusi wa kusini waliokuwa wametoka utumwani miaka michache tu kabla, hasara ilikuwa kubwa zaidi, kwani majimbo waliyoachiwa yawalinde ndiyo yaliyokuja kuwakandamiza. Miller mwenyewe aliandika katika hukumu hiyo kwamba lengo kuu la nyongeza zilizotungwa baada ya vita lilikuwa uhuru wa watu hao. Hata hivyo, chombo alichokidhoofisha kilikuwa chao.

Imani ile ile iliyomfanya aitetee Iowa dhidi ya wenye hatifungani ndiyo iliyomfanya aiamini Louisiana. Alidhani kwamba walio karibu na jambo ndio wanaolijua zaidi. Kwa deni la reli, dhana hiyo ilikuwa na busara. Kwa mtu aliyekuwa mtumwa, aliye karibu mara nyingi ndiye aliyekuwa bwana wake. Ni haki kuongeza kwamba mwaka 1884, katika kesi ya Yarbrough, Miller aliiandikia mahakama hukumu iliyothibitisha uwezo wa serikali ya shirikisho kuwaadhibu watu wa Georgia waliompiga mtu mweusi kwa sababu ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge la Marekani. Hukumu hiyo inaonyesha kwamba aliiona hatari. Haifuti ile ya mwaka 1873.

9.0 Hitimisho

Mara mbili kiti cha jaji mkuu kilikuwa wazi na jina la Miller likatajwa, baada ya kifo cha Chase mwaka 1873 na cha Waite mwaka 1888. Mara zote mbili aliteuliwa mtu mwingine. Aliendelea na kazi hadi mwisho, akiwa ameandika hukumu zaidi ya 600 kwa niaba ya mahakama. Alifariki mjini Washington tarehe 13 Oktoba 1890, akazikwa Keokuk, katika mji ambao haukuwahi kuwa jiji kubwa lililotarajiwa.

Hukumu yake pinzani iliishi kuliko yeye. Mwaka 1924, katika kesi ya Tidal Oil, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mahakama ya jimbo kubadili hukumu zake za nyuma si kutunga sheria ya kudhoofisha mkataba. Mwaka 1938, katika kesi ya reli ya Erie, iliacha desturi ya mahakama za shirikisho kujitengenezea sheria yao ya jumla pale ambapo jimbo lina sheria yake. Hoja mbili kati ya zile tatu alizozitoa peke yake mwaka 1864 zikawa kauli ya walio wengi, ingawa wenye hatifungani na walipa kodi wa Dubuque walikuwa wamekwisha kuzikwa wote.

Kwa mwanafunzi wa sheria, na hata wa lugha ya sheria, maisha haya yanaacha funzo lisilo jepesi. Miller aliona mapema kwamba deni la mji hutiwa sahihi na watu wa kizazi kimoja na hulipwa na wa kizazi kingine, na kwamba kwa hiyo swali la nani ana mamlaka ya kutia sahihi haliwezi kuwa dogo. Hakuona kwa uwazi ule ule kwamba mamlaka hayo hayo ya mahali, yanapokosa mtu wa kuyazuia, yanaweza kumgeukia raia aliye dhaifu kuliko wote. Anayetaka kumtumia Miller kama shahidi wa haki za majimbo hana budi kuwaita mashahidi wote wawili: madiwani wa Iowa waliofungwa kwa kukataa kutoza kodi, na watu walioachwa huru wa Louisiana waliobaki bila ngao.